Ugomvi wa Malipo Katika Kuuziana Simu kwa Mtandao

(Hotuba kwa vijana na wafanyabiashara wadogo)





Napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kuhutubiwa. Nalo ni ugomvi wa malipo unaotokea pale watu wanapouziana simu zilizotumika kwa njia ya mtandao. Simu ni kitu kidogo, yaenea kiganjani. Lakini kwa wengi wetu bei yake ni mshahara wa mwezi mzima, pengine na zaidi. Na ugomvi wake umekwisha kuvunja urafiki, umewafikisha watu polisi, na mahali pengine umehatarisha maisha ya mtu asiye na kosa. Maana neno "mwizi" likishatamkwa sokoni, hakuna anayengoja ushahidi.

Watu husema kwamba ugomvi huu ni baina ya mwaminifu na tapeli. Ndugu zangu, mara nyingi sivyo. Tapeli hagombani na mtu. Akishapata alichokitaka huzima laini yake na kwenda zake. Wanaobaki wakishikana mashati ni waaminifu wawili, kila mmoja akiamini kwa moyo wake wote kwamba mwenzake ndiye mwizi. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo: vipi watu wawili wakweli hufikishwa hapo, na wajibu wa kila mmoja ni upi ili wasifike.

MAMBO MATATU YALIYOTENGANA

Tangu kale, biashara ya mkono kwa mkono ilikuwa na mambo matatu yaliyotendeka kwa pamoja: mapatano, malipo na makabidhiano. Muuzaji na mnunuzi walisimama mahali pamoja, wakapatana bei, fedha ikahesabiwa, kitu kikatolewa, na kila mtu akaenda zake akijua alichotoa na alichopata.

Mwezi Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Mitandao mingine ikafuata na huduma za namna hiyo. Hapana shaka kwamba hii ni neema kubwa. Mtu aliyeko Mwanza huweza kumlipa mtu aliyeko Dar es Salaam kabla chai yake haijapoa. Kadhalika, matangazo ya simu zilizotumika yamejaa katika mitandao, na kila mwenye simu anaweza kuwa muuzaji siku moja.

Lakini neema hiyo imeyatenga yale mambo matatu. Mapatano hufanywa asubuhi kwa ujumbe, malipo mchana kwa namba ya simu, na makabidhiano jioni kwa mkono wa kijana wa bodaboda, au kesho yake kwa kifurushi cha basi. Baina ya jambo moja na jingine pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo mwongo anamoingia. Mkilifahamu hili, mtakuwa mmeufahamu ugomvi wote, kwa kuwa aina zake zote zatokana na nafasi hiyo moja.

UJUMBE SI FEDHA

Aina ya kwanza ni nyepesi kuielewa, na hata hivyo kila siku watu wananaswa nayo. Mnunuzi anasema, "Nimekwisha tuma." Simu ya muuzaji inalia, ujumbe unaingia. Una jina la mtumaji, kiasi cha fedha na namba ya muamala, kila kitu kama kilivyozoeleka. Muuzaji anakabidhi simu. Baadaye anakwenda kwa wakala kutoa fedha, anaambiwa hakuna kitu. Ujumbe ule haukutoka katika kampuni. Uliandikwa na mtu kwa mkono wake na kutumwa kwa namba ya kawaida.

Dawa yake ni moja tu: asiutazame ujumbe, aangalie salio. Afungue mwenyewe huduma yake ya fedha, aweke namba yake ya siri, na kuona je, kiasi kimeongezeka au la. Jambo hili halichukui hata dakika mbili. Mnunuzi mkweli hatakasirika kungojeshwa dakika mbili, na anayekasirika amekwisha kuwapeni sababu ya kumngojesha zaidi.

Nanyi wanunuzi, msione kwamba kutazamwa salio ni kudharauliwa. Mtu anapohesabu noti mbele yenu hamkasiriki. Kutazama salio ndiko kuhesabu noti kwa zama hizi.

MTU WA TATU ASIYEONEKANA

Aina ya pili ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo haya, kwani ndani yake mna waaminifu wawili na mwongo mmoja. Naomba mnisikilize kwa makini.

Muuzaji anatangaza simu yake kwa shilingi 450,000. Tapeli analiona tangazo, anachukua picha zile zile, naye anatangaza simu ile ile kwa shilingi 300,000. Mnunuzi anavutiwa na bei, anampigia tapeli. Tapeli anampigia muuzaji na kumwambia: "Nimeipenda simu yako. Nitamtuma mdogo wangu aje aitazame. Tafadhali usizungumze naye habari za bei, fedha nitakutumia mwenyewe." Kisha anamwambia mnunuzi: "Simu iko kwa mdogo wangu. Nenda ukaikague. Usizungumze naye bei, ukiridhika nitumie mimi."

Basi wawili hawa wanakutana, tuseme Kariakoo, mbele ya duka lenye watu wengi. Wanasalimiana vizuri. Mnunuzi anaikagua simu, anaridhika, anatuma shilingi 300,000 kwa namba ya tapeli. Anasema, "Tayari, nimelipa." Muuzaji anatazama salio lake, hakuna kitu. Anaidai simu yake. Mnunuzi anaing'ang'ania, kwani amekwisha lipa. Mmoja anapaza sauti, watu wanakusanyika. Mwongo yuko mbali, hana hata habari na vumbi analolitimua.

Sasa simu ni ya nani? Kwa sheria na kwa insafu, simu ni ya muuzaji. Yeye hakuuza kitu, maana hakuna mapatano yoyote yaliyopita baina yake na huyu aliyesimama mbele yake, wala hakupokea thamani. Yule aliyepokea fedha hakuwa na haki juu ya simu, na mtu hawezi kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hanayo. Mnunuzi ana dai la kweli, lakini dai lake ni juu ya aliyepokea fedha zake.

Hata hivyo, je, muuzaji ametoka bila lawama? Ndugu zangu, alikubali sharti la ajabu: kumkabili mtu anayekuja kununua mali yake na kunyamaza kuhusu bei. Mnunuzi naye alikubali sharti lile lile. Laiti mmoja wao angeuliza swali moja tu, "Wewe unainunua kwa kiasi gani?", uwongo wote ungeanguka pale pale. Lilitegwa kwa ukimya wao wawili. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: mtu akiwaambia msizungumze bei na mtu mtakayeonana naye, msiende. Biashara ya halali haina haja ya watu wawili kufichana bei.

Hila hii ina sura nyingine iliyo ngumu zaidi. Hapa tapeli hampi mnunuzi namba yake mwenyewe, bali humpa namba ya muuzaji. Mnunuzi aliye Morogoro anatuma fedha, zinaingia kweli kwa muuzaji. Muuzaji anaangalia salio, fedha zipo, anamkabidhi simu kijana wa bodaboda aliyetumwa na tapeli. Jioni mnunuzi anapiga simu: "Mzigo wangu uko wapi?" Muuzaji anastaajabu: "Mzigo gani? Aliyenunua amekwisha chukua." Safari hii fedha ni za mnunuzi, ziko kwa muuzaji, na simu iko kwa tapeli. Kila mmoja ana ushahidi mkononi, na kila mmoja anasema kweli.

Hapa kutazama salio peke yake hakukutosha. Yampasa muuzaji alitazame na jina. Jina la aliyelipa ni nani? Anayekuja kuchukua ni nani? Yakitofautiana, asitoe simu mpaka amempigia yule mwenye jina lililokuja na fedha na kumwuliza analipia nini. Wengi wetu hutumia laini za ndugu na jamaa, hilo lafahamika. Basi swali hilo lina haja zaidi.

FEDHA ILIYORUDI ILIKOTOKA

Aina ya tatu ni ya muamala unaorejeshwa. Makampuni yaliweka njia ya kumsaidia mtu aliyekosea namba. Nchini Kenya, kwa mfano, aliyekosea kwa M-Pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 kuomba arejeshewe. Njia hiyo ni ya rehema, na wengi imewaokoa. Lakini yuko mnunuzi anayechukua simu, kisha anadai kwamba alikosea namba. Ikiwa fedha bado zimo, kampuni huweza kuzizuia wakati wa uchunguzi, na muuzaji hujikuta hana simu wala fedha.

Yuko pia muuzaji anayefanya kinyume chake: amepokea fedha za mtu aliyekosea kweli, naye anazikatalia kwa kisingizio cha biashara. Wote wawili wanadhulumu, mmoja kwa kudai asichostahiki na mwingine kwa kuzuia asichostahiki.

Ni kipi kinachotenganisha kosa na hila? Ni maandishi. Fedha iliyotumwa bila neno lolote ni bubu, haiwezi kujieleza. Lakini iwapo kabla ya malipo mnunuzi aliandika, "Nanunua simu ya aina fulani kwa kiasi fulani, natuma sasa," na baada ya kupokea akaandika, "Simu nimeipata, nimeikagua, nimeridhika," basi dai la kukosea namba halina pa kusimama.

AIBU YA SIMU

Si kila ugomvi wa malipo huletwa na mtu wa tatu. Mwingine huletwa na simu yenyewe. Mnunuzi amelipa nusu, nusu ameahidi mwisho wa mwezi. Siku ya tatu betri inakufa kabla ya adhuhuri. Anasema, "Silipi iliyobaki." Muuzaji anasema, "Uliikagua mwenyewe."

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na za Tanzania zimetokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa mujibu wa asili hiyo, mtu binafsi asiyekuwa mfanyabiashara wa bidhaa ile habebeshwi dhamana kubwa ya ubora wake. Mnunuzi hutakiwa afungue macho. Lakini kitu lazima kilingane na maelezo kiliyouzwa nayo. Aliyeandika "kioo hakijawahi kubadilishwa" atashikwa na neno lake.

Sheria ya dini inamtaka muuzaji zaidi ya hapo. Mafakihi wameweka khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo, akafichwa, ana haki ya kurudisha kitu na kuchukua thamani yake. Msisitizo uko juu ya kuficha. Kasoro iliyosemwa si hila, bali hupunguza bei tu. Kasoro iliyofichwa huitia doa biashara nzima. Hivyo muuzaji aseme mwenyewe, asingoje kuulizwa: betri inakaa saa ngapi, kioo ni cha asili au kimebadilishwa, simu imewahi kuanguka majini au la.

Ziko kasoro mbili ambazo jicho halizioni. Ya kwanza ni kufuli ya akaunti. Tangu mwaka 2013 simu za Apple, na tangu mwaka 2015 simu nyingi za Android, zina ulinzi unaoifunga simu kwa akaunti ya mwenyewe hata ikifutwa kila kitu. Simu ikiuzwa bila kuondolewa akaunti hiyo, mnunuzi amenunua kipande cha kioo. Muuzaji aiondoe akaunti yake mbele ya mnunuzi, na mnunuzi aiwashe upya na kuingiza ya kwake kabla ya kulipa. Huwenda muuzaji alisahau tu; lakini akisafiri bila kupatikana, nani atamwamini kwamba alisahau?

Ya pili ni simu ya mkopo. Mwaka 2020 Safaricom ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mtu huchukua simu na kuilipa kidogo kidogo kila siku. Na mipango ya namna hiyo ipo kwa makampuni mengine. Mkopaji asipolipa, simu hufungwa kutoka mbali. Anayeuza simu kama hiyo kabla hajamaliza deni anauza mali ambayo haki yake haijakamilika, na mnunuzi ataijua siku itakapozimika mkononi mwake. Yampasa amalize deni kwanza, au aliseme wazi na kampuni ishirikishwe.

KUANDIKA SI KUTOAMINIANA

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Haikushushwa kwa wezi. Iliwaelekea waumini, watu wanaoaminiana. Nasi tukiambiwa tuandikiane twaona aibu, twasema, "Huyu ni ndugu yangu." Kwa hakika ni kwa sababu ni ndugu yako ndiyo inafaa uandike, ili asipite mtu kati yenu.

Karatasi ya mauzo ya simu yahitaji mistari michache tu: majina ya wawili na namba zao za simu, aina ya simu, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki na tarehe yake, kasoro zilizosemwa, saini mbili na ya shahidi mmoja au wawili. Juu ya yote, iandikwe namba tambulishi ya simu, iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15, ambayo hutokea kwenye kioo mtu akibonyeza *#06#. Kwa namba hizo ndizo Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania mwezi Juni 2016. Yaonyesha kwamba simu nayo ina jina lake. Mnunuzi alinganishe namba ya kwenye kioo na ya kwenye boksi. Na siku simu ikidaiwa kuwa ya wizi, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Wenye umbali baina yao, wasiokutana, na watume maneno hayo hayo kwa ujumbe na kuyahifadhi. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazikubali kumbukumbu za namna hiyo kuwa ushahidi. Basi msifute mazungumzo yenu mara tu biashara inapokwisha.

UGOMVI UKISHATOKEA

La kwanza, asipaze mtu sauti ya kuita "mwizi". Neno hilo likimtoka huwezi kulirudisha, na halina namba ya kuombea lirejeshwe. Ingieni dukani kwa mtu mzima, kaeni chini, kila mmoja aonyeshe ujumbe wake. Katika ile hila ya mtu wa tatu, dakika kumi za kusomeana ujumbe hutosha kuonyesha kwamba wote wawili mlikuwa mkizungumza na namba moja.

La pili, mkilifahamu hilo, nendeni polisi pamoja, si mmoja kumpeleka mwenziwe. Muuzaji aliyebaki na simu yake asiseme, "Yangu ninayo, ya kwako shauri lako." Ujumbe uliomo katika simu yake ndio ushahidi wa mwenzake, kuuficha ni kumsaidia mwongo. Chukueni namba ya RB, na kampuni ya simu ijulishwe mapema ili fedha zizuiwe zikiwa bado zimo.

La tatu, pale hasara inapowaangukia wawili ambao kila mmoja alizembea, kama katika habari ya mnunuzi wa Morogoro, sulhu ni bora kuliko ushindi. Muuzaji alitoa simu kwa asiyelipa. Mnunuzi alilipa kwa asiyezungumza naye. Wakigawana hasara kwa kadiri ya uzembe wao, hakuna aliyeangamia.

La nne, ikishindikana, mlango wa mahakama uko wazi. Tanzania kuna mahakama za mwanzo. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza shauri katika siku 60. Wala msipeleke dai hilo kwa Kadhi nchini Kenya, maana Katiba imemwekea mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Ndugu zangu, sikusema haya ili muiogope biashara ya mtandao. Inaendelea, na watoto wetu wataifanya kuliko sisi. Nimesema ili yale mambo matatu yaliyotengana myarudishe pamoja kadiri muwezavyo: patanani kwa uwazi, lipaneni mkionana au mkijuana kwa majina, na kabidhianeni palipo na shahidi. Na pale msipoweza kuyaweka pamoja, basi zibeni nafasi kwa maswali na maandishi. Mwongo hana mahali pa kusimama baina ya watu wawili wanaozungumza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na kununua kwetu, na atuepushe na kumdhania mwenzetu ubaya alioufanya mwingine. Amin.